Bangili Inayosoma Moyo

Katika wanawake wote wa Sikonge hakuna aliyejua kuchagua nchi kama mimi, Kalunde binti Mihambo. Nilikuwa nikiingia Jumba la Nchi pale Tabora, nanusa mara moja, nasema hii nzuri, hii mbovu, na foleni nzima inafuata kidole changu. Pua hii haijawahi kukosea. Nchi niliyojichagulia mwenyewe ndiyo iliyoning'oa meno ya mbele na kumtoa mtani wangu jicho, lakini tuseme siku ile nilikuwa na mafua.

Jumba lilikuwa na vidirisha kama vya kukatia tiketi. Unaingiza uso kwenye tundu, na nchi inakujia: harufu yake, baridi yake, sauti za watu wake wakigombana jikoni. Sanduri ilinuka vitunguu na vumbi la moto. Huko unalima mboga chini ya ardhi, jua unaliona kwa zamu. Peloa ilikuwa laini, ina muziki, mpaka dada wa dirishani aliponinong'oneza kwamba mkataba wa Peloa hauishi hata ukifa, wanamchukua mwanao aje kumalizia. Nikatoa uso mbio kama niliyechungulia bafu la baba mkwe.

Ya tatu ilikuwa Morvika. Baridi, chumvi, na kimya. Kimya ndicho kilichoniponza. Tangu nyuki wafe Unyamwezi na tumbaku ikaukie shambani, kwetu zilibaki kelele tu, za watoto wenye njaa na za wanaume wenye maelezo.

"Morvika hawaangalii umri," alisema dada. "Wanataka mikono tu."

"Mikono ya kufanya nini?"

"Kukwangua ukuta."

Nyuma yangu mtu akacheka. "Mpelekeni huyo! Mnyamwezi, mwekeeni mzigo kichwani tu, atafika Morvika kwa miguu na atauliza kama kuna mwingine."

Nikageuka. Limesimama jibaba refu, masikio kama vifuniko vya sufuria.

"Na wewe nani?"

"Otmar Ngonyani, wa Peramiho."

"Ala, Mngoni! Ndiyo maana. Nimesikia harufu ya panya wa kukaanga, nikadhani wamefungua dirisha la nchi mpya."

Foleni ikaangua kicheko. Mgeni angedhani tunatafuta pa kupigania, kumbe tumeshakuwa ndugu. Babu zake walikuja kwetu na mikuki, wakaua, wakauawa. Damu ilipokauka ukabaki utani. Mtani hakasiriki, hashitaki, na siku ukifa ndiye anayekuja msibani kukukejeli mpaka waliobaki wapate nguvu ya kula.

"Unachagua wapi?" nilimuuliza.

"Huko huko uendako wewe. Ukifia ugenini nani atakucheka?"

*

Morvika yote iko chini kuliko bahari. Haijazama, ni ukuta tu unaoizuia bahari isirudi kwake. Kwenye ukuta huo huota makome meusi, makubwa kama ngumi, na makome yale yanapenda umeme kama nzi anavyopenda kidonda. Walipeleka mashine za kukwangua, yakazila mpaka misumari. Binadamu hana umeme wa kuyashibisha. Kwa hiyo walituning'iniza sisi kwa kamba, kila mtu na patasi yake ya pembe, kwangua wee mpaka vidole vinasahau kufunguka.

Ambacho Jumba la Nchi halikutunusisha ni Manyundo. Hao walikuwa wenyeji waliokwangua ukuta kabla yetu. Waliambiwa kwamba sisi ndio tuliowanyang'anya kazi. Hawakukosea sana, ila aliyewanyang'anya hasa alikuwa amevaa suti, na mtu wa suti hapigiki.

Walikuja asubuhi, tunakunywa uji. Lango likaanguka ndani kama mlango wa banda la kuku. Nyundo ya kwanza ilimpata Mzee Kapaya, jirani yangu wa Sikonge, begani. Ya pili ilimpata kichwani. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo, na kikombe chake hakikumwagika.

Ya tatu ilinipata mimi mdomoni, na hapo bangili zikaamka.

Tulivishwa siku ya kufika, tuzivae kambini tu, maana ukutani makome yangezila. Nyeusi, nyepesi, ina kitaa cha kijani. Ukipigwa, inafunguka na kutema nyuki wa chuma. Mimi nimezaliwa kwenye mizinga, nyuki nawajua. Nyuki wa kweli anakuuma kwa hasira, halafu anakufa na hasira yake. Hawa hawakuwa na hasira yoyote, ndiyo maana walinitisha kuliko nyundo. Waliingia magotini mwa wale watu, na magoti yakalia kama karanga. Mmoja akafungua kinywa apige yowe. Wao wakaona mlango. Mwingine akawa anakimbia huku mguu umebaki nyuma ukifuata kwa ngozi tu. Otmar alisimama mbele yangu na mwiko wa uji, anawatandika wale waliopona, na kila akivunja taya anahesabu kwa Kingoni.

Bangili ya Mzee Kapaya nayo ilifunguka, lakini ilisubiri pigo kwanza, na kabla haijamaliza kufunguka la pili lilikuwa limeshamtosha.

Kelele zilipokwisha, Otmar akainama, akaokota kitu kwenye damu.

"Mtani, jino lako hili. Nikutunzie au nimpe mbwa?"

"Mpe mama yako, asaidie kutafunia panya."

Tukacheka, damu inanitiririka kidevuni. Halafu tukamwona Mzee Kapaya na kikombe chake, tukaacha.

*

Nyapara wetu aliitwa Didas. Mtanzania mwenzetu, ila Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Watengenezaji wa bangili ndio waliompa kazi ya kuzifundisha sisi ni watu gani. Alipanda juu ya meza ya uji.

"Ndugu zangu, bangili zilichelewa. Nimezirekebisha. Tangu leo hazisubiri pigo, zinasoma moyo. Mwenye nia mbaya na wewe, awe Nyundo au mwenzako wa kitanda cha pili, atapigwa kabla hajanyanyua mkono. Tusafishe mioyo."

"Nyapara," Otmar akadakia, "na mwenye moyo mweusi wa kuzaliwa nao, kama huyu Mnyamwezi?"

Watu wakacheka. Taa zote kijani. Hata mimi nikajisikia salama. Nikasema kumbe kuna chuma kinachojua kwamba huyu bwege ananipenda.

Mchana ule tukamzika Mzee Kapaya. Jeneza lilikuwa la mbao za makreti ya samaki. Mzee hakuwa na mtani mwingine Morvika zaidi ya Otmar, na Otmar aliijua kazi yake. Alikuja amevaa koti la marehemu ndani nje, anachechemea kama yeye, anakohoa kikohozi chake kile kile cha kuomba ugoro. Siwatu, binti wa Tanga anayelala kitanda cha jirani na changu, alicheka mpaka akalia, na ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Tulipotaka kuliinua jeneza, Otmar akalikalia.

"Hazikwi huyu! Hazikwi mpaka nipewe jogoo."

Morvika hakuna jogoo. Nikachukua kome la kuchemsha, nikampelekea kwa mikono miwili, nimepiga magoti kwa heshima zote za uongo.

"Kome?" Akaruka juu, patasi mkononi, macho kayatoa. "Wewe bibi, unanipa kome? Leo nakuchinja! Nakuchinja, nakutia shimo moja na mzee wako huyu, mkabebe mizigo ahera!"

Nilikuwa na jibu langu tayari, jibu zuri, limekaa ulimini. Nikafungua mdomo. Bangili yangu ikafunguka kwanza.

Walimwingia kwenye mkono wenye patasi, vidole vikaruka juu ya jeneza kama njiti za kibiriti. Walimwingia usoni. Nikajitupa juu yake, nikamfunika kwa kanga, nikalala juu yake mwili mzima; nyuki wale wakanizunguka taratibu kama maji yanavyozunguka jiwe, wakaendelea na kazi. "Mtani wangu!" nilipiga kelele. "Mtani wangu huyu! Mtani!" Neno hilo hawakufundishwa.

Walipomaliza wakarudi kwenye mkono wangu mmoja mmoja, wana joto, wamelowa.

Otmar aliniangalia kwa jicho lililobaki. Hakuwa na hofu, alikuwa na mshangao tu, kama mtoto.

"Kalunde," alisema. "Umekasirika?"

*

Sheria ya Morvika ni fupi. Aliyepigwa na bangili kwa kuwa na nia mbaya ni adui wa nchi, na adui hutolewa kwa mlango wa bahari: unafunguliwa, anasukumwa, unafungwa, mawimbi yanampigiza kwenye makome yale yale aliyokuwa akiyakwangua. Kabla ya hapo, aliyetishwa lazima aseme kwa mdomo wake mbele ya mkaguzi: ndiyo, alitaka kuniua.

Nikisema ndiyo, Otmar anatoka. Nikisema hapana, basi bangili imekosea, na bangili iliyokosea huvuliwa mikononi mwa watu wote mpaka itengenezwe. Na Manyundo wako barabara ya pili, wanahesabu magoti yaliyobaki.

"Bibi," Siwatu aliniambia, amekaa ukingoni mwa kitanda changu, "mtu mmoja au sisi wote? Na huyo mmoja keshakuwa nusu."

Nilitamani kumzaba kibao, nikakumbuka mkono wake una nini.

"Ni mtani wangu, Siwatu."

"Bangili inasoma moyo. Nyapara kasema. Labda wewe ulikuwa unatania peke yako."

Neno hilo liliniingia kuliko nyundo. Maana na mimi nilikuwa nimeliwaza. Babu zake walikuja na mikuki. Nani ajuaye, labda chini kabisa ya utani wote kuna ncha moja haijaoza, na chuma kimeiona nisiyoiona. Nilikwenda kumtazama wodini, kafungwa kitambaa kichwa kizima, kabanwa kitandani kwa mikanda. Nilimwita panya. Nilimwita tena, nikaongeza na ukoo wake. Hakujibu, na mimi nikatoka nje nikalia kama mke.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, Siwatu alikuwa zamu ya lango, mimi nateka maji. Akaja Nyundo mmoja peke yake, mikono nyuma, anatembea kama anayekwenda kumwona mchumba, anaimba taratibu wimbo wa kubembelezea mtoto. Siwatu akamsalimia. Akatabasamu. Akatoa nyundo nyuma ya mgongo na kumvunja mkono, huku wimbo haujakatika.

Bangili ililala mpaka mfupa ulipolia. Ndipo ikaamka na kumchanachana yule mtu pale pale, damu yake ikaingia kwenye ndoo yangu.

Nikasimama na ile ndoo. Moyo wa mtu yule, kama kweli ungekuwa unasomeka, ungesomeka kutoka baharini.

Nilipokuwa namfunga Siwatu mkono kwa kijiti, nilimuuliza, "Alikwambia nini kabla hajakupiga?"

"Hakusema kitu, bibi. Alikuwa anaimba tu." Halafu na yeye akaelewa, niliiona inamwingia. "Haisomi moyo."

"Haisomi. Inasikiliza midomo tu."

"Kwa hiyo tumekaa tunalindwa na..." Akaitazama bangili kama mtu aliyeona mende kwenye mkate. "Bibi, kesho sema unalotaka kusema."

"Zitavuliwa, Siwatu. Watakuja."

"Wakija watatukuta." Akachukua patasi yangu kwa mkono mzima, akajaribu makali kwa kidole gumba. "Hii butu. Nitawaambia wenzangu wanoe zao."

*

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba wa Morvika, mwenye kisanduku kifuani kinachomtafsiria. Otmar aliketishwa kwenye kiti karibu kabisa na mlango wa bahari, amefungwa. Ulisikika unapigwa na maji. Didas alisimama upande wa mkaguzi, kapaka mafuta nywele. Madirishani wenzangu wamejaa, patasi mikononi kama watu wanaotoka kazini.

"Kabla bibi hajasema," Didas alianza, "nieleze kitaalamu. Bangili huvaliwa miezi mitatu, mchana na usingizini, inajifunza mapigo ya kila mtu: akipenda, akichukia, akiogopa. Mimi mwenyewe nilisimamia. Maneno haiyajali. Imeuona moyo wa mtu huyu."

Miezi mitatu! Sisi tulikuwa na wiki nne pale, na usingizini tulikuwa tunazivua, maana zinabana. Lakini neno la mkwangua makome na neno la nyapara hayawekwi mizani moja.

Mkaguzi akanigeukia. Kisanduku kikasema, "Mama, mtu huyu alitaka kukuua?"

"Nitajibu, mkubwa. Ila sisi kwetu mzee hasemi jambo zito bila kumbariki kwanza kijana aliyemlea. Niruhusu nimbariki nyapara wetu."

Uongo mtupu, hatuna desturi hiyo. Mkaguzi akainamisha kichwa kwa heshima. Didas akatabasamu, akaniinamia kidogo. Nikamshika ukosi kwa mkono wa kushoto, wenye bangili, kama mama anayemtengeneza mwanawe siku ya harusi. Kwa mkono wa kulia nikatoa patasi ndani ya kanga, nikaiweka chini ya kidevu chake, pale panaporukaruka. Sikuikandamiza. Niliiweka tu, kama unavyoweka kijiko.

Walinzi wawili wa mkaguzi hawakusogea. Kwa nini wasogee? Bangili ya nyapara si ipo?

"Didas mwanangu," nikasema kwa sauti ya kumlaza mtoto, "Mungu akupe maisha marefu."

Moyoni nilikuwa nimeshamchinja, nimeshamchuna, nimeshamwanika. Niliviona vile vidole juu ya jeneza. Sijawahi kumtakia kiumbe kifo kama nilivyomtakia yeye dakika ile, na naapa sikupunguza hata tone.

"Akupe watoto. Uwaone wajukuu."

Kitaa chake kijani, kimetulia kama jicho la mbuzi.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, jasho limeanza, "acha utani."

"Utani gani, mwanangu? Mimi na wewe si watani. Soma mwenyewe macho yangu." Akasoma. Nilimwona anasoma. "Mungu akuongoze njia zote."

Mkaguzi aliacha kuinamisha kichwa. Alikuwa anaitazama taa ya kijani mkononi mwa Didas, halafu patasi, halafu taa tena.

Mbali, upande wa barabara, nyundo zilianza kugonga chuma. Madirishani hakuna aliyekimbia. Siwatu aliikaza patasi kwenye mkono mzima, wakapeana migongo.

"Kama nakukosea, baba," nikamwambia Didas, na bangili yangu nikaisogeza karibu na midomo yake, "nikemee. Niambie utanifanya nini. Moyo wako si msafi? Sema neno lolote, haiyajali maneno hii."

Uso ukamvimba. Nililiona neno linapanda kooni, linafika menoni.

"Nita..." akasema.

Bangili yangu ikalia, tik, kama kufuli linaloanza kufunguka.

Didas akaziba mdomo wake. Kwa mikono yote miwili, mmoja juu ya mwingine, mpaka kucha zikamwingia mashavuni. Patasi bado iko kooni kwake, mikono yake ilikuwa huru, angeweza kunishika, mimi kibibi kisicho na meno. Hakuigusa patasi. Aliushika mdomo.

Kutoka kwenye kiti, ndani ya vile vitambaa, kulitoka sauti kama ya mbuzi anayekohoa. Otmar alikuwa anacheka.

Mkaguzi alisogea mpaka tukawa tunapumuliana sote watatu.

"Bwana Didas," kisanduku kikasema, "moyo wako una nia mbaya na mama huyu?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu. Hapana, hapana.

"Na bangili haijali maneno?"

Akatikisa tena: haijali.

"Basi mbona umeziba mdomo?"

Alinitazama mimi, akamtazama Otmar, akaitazama bangili. Mikono hakuitoa.